Msichana wa Kandambili Moja

"Huyo msichana hayumo," ilisema sauti kwenye simu. "Vitabu vyote vitatu nimevisoma, madam. Hayumo hata katika kimoja."

Simu hiyo iliingia hewani katika studio ya redio pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Evas alimtazama mtangazaji, Tsongo, naye Tsongo akajifanya anatafuta kitufe.

Aliyepiga alikuwa Bright, mwalimu wa Kifaransa katika sekondari moja ya Kasese. Alisema polepole, bila kejeli, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Evas alikuwa msusi wa nywele. Kila Jumamosi alitoa maoni yake hewani kuhusu hadithi za ajabu za vijana: majoka, falme za popo, mapacha wanaobadilishana vivuli. Kuanzia Muhokya hadi ng'ambo ya mpaka walimpenda, kwa kuwa hakumvika mwandishi yeyote kilemba cha ukoka. Joka la kitabu cha kwanza, alisema, lina maneno mengi kuliko shemeji yake. Tena waandishi hawa wanaibiana mchana kweupe, maana kila kitabu kina msichana yuleyule, aliyekimbia vita na kandambili moja mguuni, anamtafuta mama yake aliyebaki na ya pili.

"Na ni wavivu," aliongeza Jumamosi moja. "Hakuna hata mmoja anayetuambia hiyo kandambili ni ya rangi gani."

Vitabu vilitoka parokiani, vyote vya Kifaransa, na Evas hajui Kifaransa. Aliyemsomea ni Yvette, mkimbizi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, ambaye kwao alikuwa mwalimu. Evas akisuka, Yvette alikaa kwenye benchi la saluni akifasiri ukurasa kwa ukurasa, na wateja walisahau hata kulalamika kwamba wanavutwa nywele. Siku moja Evas alitaka kumtaja redioni, amshukuru.

"Jina yangu usitaje, dada," Yvette alimwambia. "Redio inavukaka mupaka, na haichague mutu wa kuisikia." Evas alimwahidi.

Sasa, baada ya simu ya Bright, Evas aliona ameelewa sababu. Mwongo hapendi kutajwa.

Alipanda boda hadi saluni. Yvette alikuwa kwenye benchi, kitabu cha nne mapajani, na wateja wawili wakisubiri.

"Nionyeshe huyo mtoto," Evas alisema. "Weka kidole hapo alipoandikwa."

Yvette hakukifungua kitabu. "Haiko."

"Na katika vile vingine?"

"Vyote haiko. Nilimutia mimi. Unisamehe, dada."

"Kwa nini?"

Yvette aliwatazama wale wateja, kisha akainamisha macho kitabuni.

Evas angeweza kusamehe wizi. Alimpokea mwanamke huyu alipovuka akiwa hana mtu, akamlaza chumbani mwake, akala naye sahani moja. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Mimi watu wananisikiliza kwa kitu kimoja tu, kwamba sidanganyi," alisema. "Hicho ndicho ulichonivunjia. Nenda. Sitaki kukuona tena."

Yvette alikiweka kitabu benchini. Alichukua kifuko chake cha plastiki kilichotundikwa msumarini, kile ambacho hakuwahi kukifungua mbele ya mtu, akakikumbatia kifuani na kutoka. Baadaye muuza chapati alisema amemwona akipanda gari la Kasese. Aendako, hakumwambia mtu.

Wiki ile Evas alisuka bila kusomewa. Mikono ilifanya kazi, moyo ulichacha. Jumamosi alirudi studio akiwa amekwisha kupanga maneno yake.

"Nimekuja kuomba radhi," aliwaambia wasikilizaji. "Yule msichana wa kandambili moja hakuandikwa na mtu yeyote. Mwanamke aliyekuwa akinisomea ndiye aliyemtunga, akanilisha uongo, nami nikawalisha ninyi. Msimtafute tena katika kitabu chochote."

Jina la Yvette hakulitaja. Hata akiwa na uchungu ule, alikuwa amemwahidi.

Tsongo alionyesha simu iliyokuwa ikiwakawaka. "Tuna mtu kutoka ng'ambo. Karibu, uko hewani."

Kwanza zilisikika kelele za soko, kisha mtu anayehema. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Mama wa redio, iko ya kijani," ilisema. "Ile kamambili. Mukaba yake ilikatika, ikashonwa na uzi ya nyavu. Ya kushoto ndiyo niko nayo hapa. Huyo mama mwenye alikuwa anakusomea, mwambie asitoke hapo kwako. Niko nakuja."