Jongoo Aliyebebwa na Mchwa

Zamani, mchwa walipokuwa bado na desturi ya kumbeba ndani mgeni aliyechoka, Jongoo alifika mlangoni pao akajikunja kama kata ya kubebea mtungi.

Bawabu akanung'unika, "Jana nimemfukuza Tandu hapa hapa. Huyu mgeuzeni kwanza tuone amekumbatia nini."

"Jongoo hana hata meno," wenzake wakamjibu. "Wewe nawe, kila mgeni kwako mwizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakambeba hadi chumba cha watoto, penye joto. Joto lilipomwingia akajikunjua, na Tandu aliyejibana katikati yake akatoka, akaanza kula watoto.

Mchwa wakamkimbilia Bawabu. "Tandu kapitaje na wewe upo mlangoni?"

Bawabu akashusha pumzi. "Hakupita, ndugu zangu. Mlimbeba."