Beji ya Msaada wa Hiari

Katika kisa hiki mjinga ni Nesi Mshamu mwenyewe, wala hakatai. Hospitalini kwao, beji ya kifuani ilihesabu kila msaada ambao nesi ametoa bila kuombwa. Ukiombwa, hupati alama, na wenye alama chache waliachishwa kazi. Basi mama yake alipolazwa wodini kwake, nyonga imevunjika, alimnong'oneza: "Usiombe kitu, mama. Ningoje."

Wiki moja baada ya kumrudisha nyumbani, alirudi kutoka kazini, beji ingali kifuani, akamkuta kitandani midomo imemkauka, jagi liko mezani ng'ambo ya chumba. Akammiminia maji. Beji ikalia.

"Kiu yote hii, mama, mbona hukuniita?"

"Si ulinikataza?"

"Ah, ile ilikuwa kazini. Hapa mimi ni mwanao."

Mama hakuigusa bilauri.

"Basi vua hiyo beji, nikuombe maji."