Kikohozi cha Mwinjuma

Katika nyumba za msaada, anayeitikia hodi ni mlango. Mwenye nyumba haruhusiwi, kwa kuwa kila neno "karibu" ni la mfadhili.

Siku ya kukabidhiwa funguo, Mwinjuma alirekodiwa sauti ya kutiwa mlangoni, akisema, "Karibu ndani. Nyumba hii ni kwa hisani ya kampuni ya saruji." Alikohoa katikati, nao waliomrekodi wakakiacha kikohozi chake humo humo. Alipofariki, watu walikuja kuhani, wakabisha hodi, na marehemu akawakaribisha msibani kwake mmoja mmoja. Wengine waliishia barazani.

Mkewe, Mwasiti, hakukerwa. Kila akitoka sokoni alitua kikapu, akaibishia hodi nyumba isiyo na mtu, ili akisikie kile kikohozi.

Leo alikuja Tausi, binti wa shirika la msaada, akitabasamu. "Mama, tumepata mfadhili mpya, wa magodoro. Wa saruji mkataba wao umekwisha."

"Na sauti ya mume wangu, mwanangu?"

"Sauti ni mali yao, mama. Wameondoka nayo. Lakini nyumba unabaki nayo, usiwe na wasiwasi."

Mwasiti alimsindikiza hadi barabarani kama ilivyo ada, akarudi, akasimama mlangoni. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Hodi," akasema.

Kisha sauti ya msichana, nyororo, isiyo na kikohozi, ikamjibu kutoka ndani ya nyumba yake.

"Karibu, mgeni."