Kapu Lililogoma Kupanda

Niliteremsha kapu kwa kamba kutoka roshani, nikamwagiza Shukri muuza duka mikate miwili. Ndani, pasi ilikuwa inapata moto: kesho narudi ofisini. Niliacha kazi ili niishi kwa katuni yangu ya mtandaoni, ikashindwa kunilisha. Jana nikaimaliza. Mhusika wangu mkuu, kinyozi mwoga, nikampandisha ndege ya Kuwait kabla hajamposa mshonaji anayempenda, nikaandika "Mwisho".

Nilipovuta, kapu likagoma. Kamba ikanichoma vidole vyenye wino.

"Shukri, umeweka mawe?"

"Vuta, mwanangu!"

Likapanda na mikate tele, mayai, jibini, biringani, na sufuria ya mlenda bado inafuka moshi. Chini, majirani zangu wa mtaa wetu wa Shubra wamesimama, simu mkononi, wamenikodolea macho.

"Mrudishe kinyozi!" akafoka mama wa ghorofa ya pili. "Binti wa watu ameshajishonea shela, wewe unampeleka bwana Kuwait? Huna haya?"

"Wewe chora tu," Shukri akadakia. "Kula ni juu yetu. Kila wiki kapu!"

Niliingia ndani nikaichomoa pasi, nikarudi roshani mbio.

"Hilo shela," nikapaza sauti, "linaishia mabegani au linaburuzika chini?"