Somo Kabla ya Kibali

Zamani wanyama waliposafiri kwa mitumbwi, Fisimaji mgane alitaka kwenda kisiwa cha upande wa juu wa mto, alikozoea kupiga kambi na marehemu mkewe. Kobe, mlinzi wa mto, akamzuia.

"Kibali hakitoki bila somo, mzee."

"Somo? Wewe unayezama kama jiwe unifundishe mimi maji?"

"Kuogelea hatufundishi. Kaa."

Fisimaji akaketi akinung'unika. Kobe akaanza: "Moto wa kambi umwagie maji mpaka uweze kuyalalia majivu yake. Penye ndege anayeatamia, inua kafi, mtumbwi ujipitie wenyewe. Ukiondoka, nyasi zisijue kwamba ulilala."

 Maneno hayo Fisimaji aliyasikia kila safari, yakitoka kwa aliyeketi mbele mtumbwini, na kila mara alijibu, "Nimesikia, piga kafi."

"Nani alikufundisha hayo?" akauliza.

"Mkeo. Alisema wewe husikii, basi afadhali wasikie wengine."

Fisimaji akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kobe akamnyooshea kibali.

"Kishike kwanza," akasema Fisimaji. "Hebu rudia tangu kwenye moto, polepole."

"Na safari?"

"Kisiwa hakihami."