Kitambaa Cheupe

Kitambaa alichopengea kamasi juzi kilikuwa cheupe pe, na leo ndipo Dada Masizi alipokitazama vizuri.

Jina hilo alibandikwa na mdogo wake. Kazi yake ni kusaga mkaa hadi uwe poda, upakwe ndani ya vifaa vya kuhifadhi umeme. Pale maabara kila mtu hupiga chafya kutwa, na akipenga, kitambaa huwa cheusi tii.

Ndiyo maana juzi, muuguzi alipomuuliza mlangoni mwa wodi kama ana mafua, alicheka.

"Mafua yatoke wapi, sista? Vumbi la mkaa hilo."

Akanawa mikono mara tatu, akavaa barakoa, akaingia. Mdogo wake alikuwa katika wiki ya tano tangu apandikizwe uboho wa mifupa, uboho wa dada yake huyu huyu, na mwili ulikuwa bado hauna kinga.

"Ishushe kidogo, Dada Masizi. Nimekusahau sura."

Akaishusha. Kidogo tu.

Leo daktari amemwambia ni virusi vya mafua, na vimeshafika mapafuni mwa mdogo wake.

Akakigeuza kitambaa upande wa pili. Hakuna hata chembe nyeusi. Sasa ndipo alipokumbuka: mashine ya kusagia mkaa ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyopita.

Nyuma ya kioo, katikati ya mipira ya oksijeni, mdogo wake alifumbua macho, akamwona. Akainua kidole kwa shida, akakivuta chini taratibu: ishushe, nikuone.