Swali Kutoka Kapsabet

Kazi ya Chelagat ilikuwa kujibu simu za watu waliotakiwa na sheria kuacha nyama na maziwa. Maswali yalikuwa yale yale: nguvu zitatoka wapi, mtoto atakunywa nini, chai ya tui la nazi huchemshwaje. Mashine ilizifanya sauti za wahudumu wote zifanane, na kutaja jina kulikatazwa.

Siku moja baba yake alipiga simu kutoka Kapsabet.

"Mama, nina swali dogo," alisema, bila kumtambua. "Ng'ombe wangu husimama langoni kila asubuhi akingoja kukamuliwa. Watamchukua Ijumaa. Naruhusiwa kumkamua mpaka hapo, hata kama maziwa nitayamwaga? Kiwele kinamuuma."

Jibu lilikuwa kwenye skrini. Chelagat alilisoma. "Hairuhusiwi, mzee."

"Haya, asante. Nina binti huko mjini, lakini sikutaka kumsumbua na mambo ya ng'ombe."

Angeweza kumwambia, "Baba, ni mimi, mkamue tu." Badala yake alimtakia siku njema, kama walivyofundishwa.

Jumapili alipompigia, baba alizungumzia mvua na mahindi. Habari za ng'ombe hakuzitaja, na Chelagat hakuuliza.